Mti wa Mate na Marçal

Sogeeni karibu, wanangu. Leo atakayeanza kusema si mimi, ni mti. Unaota kusini mwa Brazil, karibu na mpaka wa Paraguay, kwenye udongo mwekundu. Haya, mti, tuambie.

"Mimi ni mti wa mate. Waguarani, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanakunywa chai ya majani yangu tangu enzi za mababu zao. Ikaja kampuni, ikachuma majani yangu kwa magunia. Nikaona, nisiseme. Wakaja wenye ng'ombe, wakafyeka msitu. Nikaona, nisiseme. Waguarani na ndugu zao Wakaiowa wakasukumiwa kwenye vipande vidogo vya ardhi. Nikaona, nisiseme. Ndipo akatokea Marçal de Souza, Mguarani aliyeitwa pia Tupã'i. Huyo alisema."

"Walisukumwaje, Mjomba?"

Swali zuri hilo! Tuseme mko uani kwenu, bibi anasuka ukili, kuku wanachakura. Anaingia mtu na karatasi: "Ua huu ni wangu. Ninyi nendeni mkakae kwenye banda la kuku." Wote, na bibi pia.

"Karatasi aliiandika nani?"

Una akili, mwanangu! Waliandikiana wao kwa wao. Mguarani hakuulizwa.

Marçal alikuwa muuguzi. Alitibu watu vijijini, na shida zao alizijua nyumba kwa nyumba. Mwaka 1980 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Manaus, mji wa Brazil, na Marçal akasimama mbele yake. Vitabu vya shule vilisema Brazil iligunduliwa mwaka 1500. Marçal akamwambia Papa kwamba haikugunduliwa, ilivamiwa na kunyang'anywa wenyeji wake. Mbele ya Papa! Mimi moyo hunienda mbio kila nikikumbuka.

Kisha ukazuka ugomvi wa Pirakuá, ardhi ya Wakaiowa iliyotakiwa na mwenye shamba la ng'ombe. Marçal akaahidiwa fedha nyingi awashawishi wahame. Akakataa. Akatishiwa. Akasema hadharani kwamba anajua anawindwa, na kazi akaendelea nayo. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1983, kijijini Campestre, akapigwa risasi tano. Akafa.

"Nani alimwua, Mjomba?"

Ulistahili kuuliza, nami nakujibu kweli tupu. Mwenye shamba mmoja alishtakiwa kwamba ndiye aliyeagiza. Mwaka 1993 baraza la raia lililosikiliza kesi likamwachia. Kesi ikarudiwa mwaka 1998, akaachiwa tena. Kisha miaka 20 ambayo sheria inaruhusu kumhukumu mtu ikaisha, faili likafungwa. Hakuna aliyefungwa kwa damu ile. Hilo linaniuma, wala sitalipaka asali kwa sababu ninyi ni watoto.

"Basi Wakaiowa walifukuzwa?"

Hawakufukuzwa! Walikaa palepale Pirakuá, wakakataa kuhama. Mwaka 1992, miaka tisa baada ya Marçal kuuawa, serikali ya Brazil ikaithibitisha kuwa ardhi yao. Safari hii karatasi iliwatambua Wakaiowa.