Hewa Pia Ina Hesabu

Kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana twakijua sote. Vichwa vinaanguka mezani kama embe mbivu, kiranja anapiga kelele, na lawama zote zinaiendea githeri. Muhula huu mwalimu wetu wa Fizikia aliitetea githeri. "Hesabuni hewa kwanza," alisema. Basi tukachukua utepe wa kupimia, tukahesabu.

Darasa letu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168. Ndani tuko wanafunzi 45. Kipimo kinachotumiwa sana na wahandisi ni lita 10 za hewa safi kwa kila mtu, kila sekunde. Hizo ni lita 450 kwa sekunde, yaani mita 1620 za ujazo kwa saa. Gawanya kwa 168, utaona kwamba hewa yote ya darasa yapaswa kubadilishwa karibu mara 10 kila saa. Lo! Na sisi tulidhani kuacha mlango wazi asubuhi kunatosha.

Je, nani ataisukuma hewa hiyo, nasi hatuna feni? Wasukumaji ni wawili: joto na upepo.

Joto la miili yetu huifanya hewa ya ndani iwe nyepesi. Hupanda ikatokea sehemu ya juu ya dirisha, nayo hewa baridi ikaingia kwa chini. Tofauti ya joto kati ya ndani na nje ikiongezeka mara 2, hewa huongezeka takriban mara 1.4 tu. Lakini uwazi wa dirisha ukiongezeka mara 2, hewa nayo huongezeka mara 2. Angalia, nimesema uwazi, sikusema ukubwa wa kioo. Kioo kisichofunguka ni ukuta unaopitisha mwanga.

Upepo nao husukuma upande mmoja wa jengo na kuvuta upande wa pili. Ndiyo sababu madirisha ya pande mbili hushinda ya upande mmoja. Kwa makadirio, madirisha ya upande mmoja hufaa chumba chenye upana usiozidi mara 2 ya kimo chake. Kwetu ni mita 6. Ya pande mbili hufika mara 5, yaani mita 15. Darasa letu ni mita 7, kwa hivyo wanaoketi mbali na dirisha ndio wanaosinzia kwanza. Siyo uvivu jamani!

Shida yetu ni kwamba madirisha ya upande wa veranda yalipigiliwa misumari baada ya vitabu kuibiwa. Yaliyobaki yana uwazi wa mita 2 za mraba. Siku isiyo na upepo, ndani kukiwa na joto la nyuzi 5 zaidi ya nje, tulipata takriban lita 4 kwa kila mtu. Hata nusu haikufika. Tungekuwa na uwazi kama huo upande wa pili, upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde ungetupatia zaidi ya lita 10.

Huko Uingereza hesabu kama hizi haziachiwi wanafunzi. Mchoraji wa jengo jipya lazima aonyeshe kwamba halitatumia nishati kupita kiasi. Dirisha linampa faida kwa sababu halili umeme kama feni. Lakini wakati wa baridi kila lita ya hewa inayoingia lazima ipashwe joto, na joto ni pesa. Kwa madarasa yanayotegemea madirisha, mwongozo wa serikali wa mwaka 2018 unataka kaboni dayoksaidi isizidi wastani wa sehemu 1500 katika milioni wakati wanafunzi wako ndani. Hewa ya nje ina takriban 420.

Lakini tarakilishi huamini inachoambiwa. Ukiiambia dirisha liko wazi, itahesabu hewa, hata kama dirisha lenyewe lina misumari. Kwa hivyo kanuni za Uingereza kuhusu joto la nyumba mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2022, zinamfunga mhesabu. Mchana, watu wakiwemo chumbani, dirisha lianze kufunguka joto la ndani likipita nyuzi 22, liwe wazi kabisa likipita 26. Usiku, kelele ndani ya chumba cha kulala zikizidi wastani wa desibeli 40, dirisha lake lichukuliwe kuwa litafungwa, maana nani atalala na kelele hizo? Wizi pia hufikiriwa.

Hilo ndilo funzo kuu: hesabu ya hewa ni hesabu ya tabia za watu. Aliyepigilia misumari alikuwa na sababu. Mwenzetu anayefunga dirisha kwa kuogopa vumbi pia anayo. Tusiwalaumu, ila tuwape njia nyingine. Tumeomba nondo na wavu upande wa veranda, misumari ing'olewe. Kifua kikuu na mafua huenea upesi penye hewa iliyotuama, na wahenga walisema heri kinga kuliko tiba.

Nawe msomaji, pima darasa lako. Githeri haina kosa!