Je, Ni Kweli Kwamba Chema Chajiuza?



Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ambayo kila mfanyabiashara anaijua, na wengi wetu tumeipokea bila kuihoji. Juma hili nataka tuihoji. Tutaichukua tuipeleke mbali, hadi mitaa ya London, ambako nguo za kiume zimeuzwa kwa majina yale yale kwa zaidi ya miaka mia moja, na ambako swali la jinsi duka linavyopaswa kupangwa limewatajirisha wengine na kuwafilisi wengine.

Najua yupo atakayeuliza: suti za Waingereza zinatuhusu nini sisi? Subira. Tutarudi nyumbani kabla ya kuagana.

Tuanze na mtaa uitwao Savile Row. Ni mtaa mfupi, unaumaliza kwa miguu kwa dakika chache tu, lakini jina lake linajulikana duniani kote kwa kushona suti. Kampuni ya Henry Poole, iliyoanzishwa mwaka 1806, ilihamia mtaa huo mwaka 1846. Ndiyo inayosifiwa kwa kumkatia Mwana wa Mfalme wa Uingereza, mwaka 1865, koti fupi la jioni ambalo baadaye lilikuja kuwa vazi la karamu kila mahali.

Suti ya Savile Row haitundikwi dukani ikisubiri mnunuzi. Ni nguo ya kushonesha, kama tunavyosema sisi. Mteja hupimwa, kisha mkataji huchora umbo lake kwenye karatasi ngumu na kukata kitambaa kwa kufuata karatasi hiyo. Mteja huitwa kujaribu nguo mara kadhaa ingali na nyuzi za kushikiza, na kila mara hufumuliwa na kurekebishwa. Suti moja hula saa 50 za kazi au zaidi, na nyingi kati ya hizo ni za sindano ya mkono. Bei yake leo ni maelfu ya pauni.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Kwa muda mrefu, maduka hayo yenye kazi nzuri kuliko zote yalifichwa. Madirisha yalifunikwa kwa pazia au kwa vioo visivyoonyesha ndani. Mpita njia hakuweza kujua kinachoendelea humo. Mteja mpya aliletwa na baba yake, au na rafiki aliyekwisha kushonesha pale. Hawa ndio walioiamini methali yetu kwa moyo wote. Walisema, kwa matendo yao, kwamba chema hakihitaji dirisha.

Imani hiyo ilikuja kutikiswa mwaka 1969. Kijana mmoja, Tommy Nutter, pamoja na mkataji hodari, Edward Sexton, walifungua duka katika mtaa huo huo. Waliondoa pazia. Waliweka dirisha wazi na kulipamba, hata watu wakawa wanasimama barabarani kutazama. Na nguo zao zilikuwa na kola pana na mabega ya kujidai. Mwaka huo huo wanamuziki watatu kati ya wanne wa kundi la Beatles walivaa suti za Nutter katika picha ya jalada la santuri yao ya Abbey Road. Wazee wa mtaa walinung'unika, lakini baadaye wengi wao waliyafungua madirisha yao pia. Leo ukipita Savile Row utaona makoti dirishani, na katika baadhi ya maduka ukiinama kwenye vyuma vya barazani utawaona mafundi chini kabisa, kwenye vyumba vya ardhini, wakishona.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili wa habari hii unaanzia kaskazini mwa nchi, katika mji wa Leeds, na kwa mtu ambaye hakuzaliwa Uingereza. Aliitwa Meshe Osinsky, Myahudi kutoka Lithuania, aliyefika Uingereza mwaka 1900 akiwa kijana mdogo. Huko alijiita Montague Burton. Yeye aliuliza swali rahisi: kwa nini suti iliyopimwa iwe ya matajiri peke yao?

Jibu lake lilikuwa la aina mbili. Kwanza, kiwanda. Mteja alipimwa katika duka la mjini kwake, vipimo vikapelekwa Leeds, suti ikashonwa na mafundi waliogawana kazi, huyu mkono, huyu kola, huyu vifungo, kisha ikarudishwa dukani. Kiwanda chake cha Hudson Road kilifikia kuajiri watu wapatao 10,000.

Pili, na hapa ndipo penye mada yetu, duka lenyewe. Burton alijenga maduka yake kama majumba ya heshima. Alipendelea kiwanja cha pembeni, penye makutano ya barabara, ili jengo lionekane kutoka pande mbili. Mbele paliwekwa mawe yenye kung'aa, na katika baadhi ya majengo nguzo zikachongwa vichwa vya tembo. Ghorofani mara nyingi palikuwa na ukumbi wa kuchezea biliadi. Kufikia mwaka 1939 maduka yalikaribia 600. Mfanyakazi wa mgodini, ambaye asingethubutu kugonga mlango wa Savile Row, aliingia kwa Burton akakaribishwa kama bwana. Kumbe jengo nalo lilikuwa sehemu ya suti. Mtu alinunua kitambaa, na pamoja na kitambaa akanunua heshima ya kupimwa.

Tuje sasa kwa jina la tatu, ambalo hata hapa kwetu vijana wanalijua: Burberry. Thomas Burberry alifungua duka lake Basingstoke mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1879 alibuni kitambaa kiitwacho gabardini. Siri yake ni kwamba uzi hutiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha hufumwa kwa kubanwa sana. Maji hayapiti kwa urahisi, lakini jasho linapata njia ya kutoka. Kabla ya hapo makoti ya mvua mengi yalikuwa ya mpira, mazito, na yaliyomchemsha mvaaji. Maofisa wa jeshi walilivaa koti la gabardini katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita likaingia mijini, na mkanda wake kiunoni.

Ndani ya koti hilo kulikuwa na bitana ya drafti: rangi ya mchanga, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Bitana ni kitu cha ndani, cha mwenyewe. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Drafti ile ilitolewa nje ikawekwa kwenye kofia, mikoba, hata mikanda ya kufungia mbwa. Kampuni ilitoa leseni kwa watu wengi walioitengeneza kila mmoja kwa namna yake, na waigaji wakaongezea zao. Mwaka 2004 kampuni iliacha kuuza kofia yenye drafti hiyo, kwa kuwa jina lilikwisha kuwa la mzaha.

Mwaka 2006 alikuja mkurugenzi mpya, Angela Ahrendts, Mmarekani. Alinunua tena leseni nyingi, akalirudisha lile koti la mvua katikati ya biashara. Na mwezi wa Septemba mwaka 2012 kampuni ilifungua duka kubwa Regent Street, London, katika jengo la mwaka 1820 lililokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani ya kuta hizo za kale waliweka skrini karibu 100 na spika karibu 500. Baadhi ya nguo zilishonewa kidude kidogo cha kielektroniki. Mteja aliyeisogeza nguo hiyo karibu na kioo alishangaa kuona kioo kinageuka skrini na kumwonyesha jinsi nguo ilivyotengenezwa. Hata mvua ilinyesha, ya picha na sauti, dukani mote. Muuza koti la mvua amejiletea mvua yake mwenyewe! Na fedha ziliingia: mauzo yaliyokuwa pauni milioni 743 katika mwaka wa hesabu wa 2006 yalikaribia pauni bilioni 2 kufikia mwaka 2013.

Hapa naomba tusimame kidogo tueleze mbinu zenyewe, maana zinatumika kila mahali na ni vizuri mnunuzi azijue.

Ya kwanza ni nafasi tupu. Duka la bei nafuu hujaza nguo hadi darini. Duka la bei ghali huweka makoti matatu kwenye ukuta mzima. Kodi ya ukuta ule inalipwa na makoti yale matatu, yaani inalipwa na wewe. Ya pili ni taa. Taa hailengwi sakafuni wala usoni pa mteja, hulengwa kwenye nguo, ili kitambaa kionekane kina uhai. Ya tatu ni samani: kiti cha ngozi, meza ya mbao nzito, zulia. Mtu aliyeketi haondoki haraka. Kampuni ya Dunhill, iliyotokana na biashara ya matandiko ya farasi, iliipeleka mbinu hii mbali zaidi mwaka 2008. Ilifungua duka katika nyumba ya zamani ya kifahari mjini London, ikaweka humo kinyozi, baa na chumba cha sinema, mteja ajione mgeni wa nyumbani. Ya nne ni historia: picha ya mwanzilishi, cherehani kuukuu dirishani, na mwaka wa kuanzishwa ulioandikwa mlangoni.

Hiyo ya nne ndiyo inayonifanya nizungumze juma hili. Kwa sababu mwaka ulioandikwa mlangoni unakuambia jina lilianza lini. Haukuambii nani anashona leo.

Mwaka 2007 Burberry ilifunga kiwanda chake cha Treorchy, katika mabonde ya Wales, na watu wapatao 300 wakapoteza kazi. Shati likaenda kushonwa ng'ambo, nembo ikabaki ile ile. Austin Reed, jina lililoanza mwaka 1900 na lililosifika kwa duka lake la Regent Street, lilifilisika mwaka 2016 na maduka yake yote yakafungwa. Na Burton? Mwaka 2021 jina lake lilinunuliwa na kampuni inayouza kwa njia ya intaneti, pamoja na majina mengine mawili, kwa jumla ya pauni milioni 25.2. Mnunuzi alichukua majina na bidhaa. Maduka 214 hakuyataka, na watu wapatao 2,450 walikuwa hatarini kukosa ajira. Yale majumba ya vichwa vya tembo mengine bado yamesimama, yakiuza vitu vingine kabisa.

Burberry yenyewe skrini hazikuiokoa milele. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba ilikuwa imeharibu bidhaa za pauni milioni 28.6 ndani ya mwaka mmoja ili zisiuzwe kwa bei ya chini. Watu walikasirika, na kampuni ikatangaza kuacha. Mwaka 2024 ilishuka kutoka orodha ya kampuni 100 kubwa katika soko la hisa la London, na mwaka 2025 ikatangaza kuwa ajira zipatazo 1,700 zingeweza kupunguzwa. Na dawa aliyoileta mkurugenzi mpya ni ipi? Kurudi kwenye makoti na skafu, na kuweka dukani meza maalumu ya skafu ambapo mteja anaishika kwa mkono wake na kuuliza. Baada ya safari yote hiyo, wamerudi kwenye kaunta.

Lipo jina moja lililokwenda njia nyingine: Barbour ya South Shields, iliyoanza mwaka 1894, inayotengeneza makoti ya pamba yaliyopakwa nta. Ingali mali ya ukoo, na makoti hayo bado yanashonwa mjini humo. Mteja anaweza kurudisha koti lake la miaka mingi likatiwa viraka na kupakwa nta upya. Koti lenye viraka vitano likipita barabarani, hilo ni tangazo linaloshinda skrini mia.

Sasa turudi nyumbani kama nilivyoahidi. Nguo zilizovaliwa Uingereza zinafika huku kwa marobota, na mara moja moja majina haya hutokea Gikomba mjini Nairobi au Karume mjini Dar es Salaam. Pale hakuna taa, hakuna zulia, hakuna picha ya mwanzilishi. Koti limelala juu ya turubali na mnunuzi hana budi kulihukumu lenyewe. Naye analipindua ndani nje. Anatazama kama mshono umeachiwa kitambaa cha kutosha kupanuliwa, kama mistari ya drafti imekutana kwenye mfuko, kama matundu ya vifungo vya mkononi yamekatwa kweli au ni urembo tu. Anaushika upande wa mbele kwa vidole viwili, chini ya kifungo cha mwisho. Akihisi tabaka la tatu linaloteleza katikati, koti lina kitambaa cha ndani kilichoshonwa. Asipolihisi, huenda limebandikwa kwa gundi. Mnunuzi wa mtumba anajua kusoma nguo kuliko bwana aliyeketi kwenye kiti cha ngozi.

Na fundi wetu wa barazani ana la kujifunza pia. Kazi yake mara nyingi ni njema, lakini ameificha kama wale wa Savile Row wa zamani. Koti moja alilolimaliza vizuri, likitundikwa mbele penye mwanga badala ya kukunjwa kwenye mfuko wa plastiki, halimgharimu kitu. Kioo kisichopasuka, pazia safi la kujaribia nguo, daftari la vipimo lisilopotea: hizo ndizo skrini zake.

Basi methali yetu tuifanyeje? Mimi naona ni ya kweli nusu. Chema chajiuza, lakini kwanza lazima kionekane. Na kibaya nacho siku hizi hakitembezwi tena barabarani. Kinakodishiwa jengo zuri. Kwa hiyo ukiingia duka lolote, liwe la London au la mjini kwako, furahia taa na viti, ni haki yako. Kisha ipindue nguo ndani nje.

Hadi juma lijalo, majaaliwa, kwaherini.