Gorila, Mzee wa Mwituni

Wasikilizaji wetu wa Ngerengere wamjua sana nyani, mwizi wa mahindi. Nao waliopanda milima ya Uluguru wamemwona mbega akiruka mitini. Lakini gorila hawakumwona huko, maana katika Tanzania hayupo. Leo twataka kueleza habari zake, kwani wengi humdhani kuwa ni jitu katili lila watu, na sivyo alivyo.

Gorila wa milimani huishi mahali pawili tu: katika milima ya Virunga, pakutanapo Rwanda, Uganda na Kongo, na katika msitu wa Bwindi na kandokando yake. Mwaka 1902 afisa wa Kidachi, jina lake von Beringe, alipokuwa akipanda mlima Sabinyo, aliwapiga risasi gorila wawili. Mifupa ya mmoja ikapelekwa Berlin, na hapo wataalamu wa Ulaya wakamtambua. Siku zile Rwanda na Ngerengere zilikuwa chini ya serikali moja ya Kidachi.

Chakula chake ni majani, mabua, machipukizi ya mianzi, hata upupu wa milimani. Huishi kwa jamaa, nayo jamaa ina mzee wake: dume mwenye mgongo wa rangi ya fedha, ambaye uzito wake hufika ratli 350. Yeye ndiye aamuaye waende wapi na wapumzike lini. Jioni kila mmoja hujitengenezea kitanda kipya cha majani, naye mtoto mchanga hulala na mamaye. Mtoto akifiwa na mama, mara nyingi mzee yule humlaza karibu yake.

Akijipiga kifua kwa viganja, watu husema ana hasira ya kuua. Kumbe mara nyingi ni onyo: huonyesha nguvu zake ili mgomvi aondoke pasipo vita.

Basi adui yake mkubwa ni nani? Ni sisi. Kitanzi kilichotegwa kwa ajili ya paa hakichagui. Hunasa mkono wa mtoto wa gorila, na waya hukata mpaka mfupani. Kadhalika mafua yetu, ambayo sisi hupona kwa siku chache, yaweza kumwua yeye. Tena jike huzaa mara moja tu kwa muda wa miaka minne hivi. Kwa hiyo pengo la mmoja halizibiki upesi.

Mwaka 1981 walihesabiwa katika Virunga gorila 254 tu. Hesabu ya miaka ya 2015 na 2016 ilipata 604. Ongezeko hilo halikuja lenyewe: askari wa pori hutembea kila siku wakiondoa vitanzi, na waganga wa wanyama huwafuata wagonjwa humo humo msituni.

Nasi tuna la kujifunza. Katika misitu ya Uluguru, unakotoka mto wetu Ngerengere, yuko minde, paa mweusi asiyepatikana penginepo duniani ila katika milima michache ya Tanzania. Yeye naye hunaswa na vitanzi. Hatuna gorila wa kumlinda, lakini minde tunaye. Atakayekuta kitanzi msituni na akifungue.