Njia za Miguu Kandokando ya Kamina

Msafiri ateremkaye katika stesheni ya Kamina, pale reli itokayo Lubumbashi inapogawanyika, mkono mmoja ukishika njia ya Kananga na Ilebo na wa pili ukielekea Kabalo, aghalabu hudhani kuwa mji huu ulizaliwa na chuma. Na dhana hiyo si ya kulaumiwa, kwani tangu reli ya B.C.K., yaani ya Bas-Congo hadi Katanga, ilipofika Ilebo mwaka 1928 jina la Kamina limeambatana na mlio wa garimoshi. Walakini ukiipa stesheni kisogo, ukazipita nyumba za mwisho, zitakupokea njia nyingine, kongwe kuliko reli, ambazo hazikuchorwa na mhandisi yeyote.

Hazina vibao wala alama za rangi. Ni nyembamba, za kupita mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, zikiingia katika miti ya miombo na kuvizunguka vichuguu virefu ambavyo watu huchimba udongo wake kufyatulia matofali. Wakati mwingine njia hupinda ghafula pasipo sababu ya dhahiri, hata mwenyeji akueleze kuwa palikuwa na mti ulioanguka. Mti umeoza ukawa vumbi, lakini miguu ingali inauzunguka. Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijanyesha, miombo huchipua majani mekundu, na sijui saa iliyo njema kwa matembezi kuliko alfajiri ya siku hizo. Mvua zikishika huja uyoga, na njia zile zile hugeuka vijito.

Wenye njia hizi hasa ni wachukuzi wa makala, yaani makaa ya miti. Mtazame mmoja wao: ameipakia baiskeli yake, au kinga kama wasemavyo watu wa Katanga, magunia yaliyopita kimo chake; hawezi kuipanda, bali huisukuma, mkono mmoja umeshika gongo lililofungwa penye usukani, wa pili unausukuma mzigo kwa nyuma. Penye mteremko huivuta nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, visigino vimezama mchangani. Wanariadha wa Ulaya hununua baiskeli za matairi mapana ili wazipate taabu kama hizi kwa hiari yao. Nao wangefurahi hapa, mradi wajue kwamba wamewakuta mabingwa.

Waluba, wenyeji wa nchi hii, waliziheshimu njia tangu zamani. Lukasa, ubao wa kushikwa mkononi uliopambwa kwa shanga, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuupapasa kwa kidole, ulihifadhi tarikhi ya wafalme pamoja na safari zao na mahali walipopita. Na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1873 akatokea pwani ya magharibi mwaka 1875, alizikanyaga njia za Waluba kwa miguu; huko Kilemba, kwa mfalme Kasongo Kalombo, alikaa miezi mingi akikirimiwa na Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani aliyekwisha kutangulia.

Basi atakaye kutembea kwa ajili ya siha na faraja aondoke mapema, achukue maji yake, asiikaribie kambi ya jeshi pasipo ruhusa, na wakati wa kiangazi autazame moshi uko upande gani, kwani nyasi huchomwa na upepo hauna ahadi. Akifika kijijini amwamkie mkuu wa kijiji kwanza, aeleze atokako na aendako.

Na iko sheria moja ambayo kila mtoto wa huku anaijua: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Mwenye makala akisimama, kuiondoa tena baiskeli ni kazi ya watu wawili. Kwa hiyo mama mwenye kapu la mihogo huingia majanini akamwachia njia, na mtembezi, ambaye peke yake hakubeba kitu, huwapisha wote wawili.