DRONI NA FILTA: KABLA HUJATOA HELA YAKO, SOMA HAPA KWANZA



Siku hizi kila harusi na kila ufunguzi wa jengo kuna kijana karusha droni. Ni ajira, na mimi nawaunga mkono. Ila lipo jambo moja linawaumiza wengi, nimeona niliseme wazi: FILTA. Wengine hawana kabisa, wengine wanazo na hawajui zinafanya kazi gani, na wengine wameuziwa vioo vya ajabu ajabu.

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemfahamu aliambiwa na mteja kwamba hamalizii laki tatu zilizobaki. Sababu? Video ya msafara wa bwana harusi "inadunda-dunda kama katuni". Kijana akadhani droni mbovu, akaanza kutafuta fundi. Nilipoangalia nikaona droni ni nzima kabisa. Kilichomponza ni jua la saa sita na kamera iliyoachwa ijipangie yenyewe.

TATIZO LENYEWE

Kamera inadhibiti mwanga kwa njia tatu: ukubwa wa tundu la lenzi, ISO, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Sasa droni nyingi ndogo tundu lao halibadiliki. ISO nayo ikishafika 100 kwa kawaida haishuki tena. Kinachobaki ni shata peke yake. Jua likiwaka, shata inakimbia hadi 1/3200 ya sekunde au zaidi.

Kwa picha ya mnato hiyo ni safi sana. Kwa video ndipo balaa linapoanza. Kila fremu inatoka kali kama imekatwa na wembe, na gari linalopita linaonekana kuruka kutoka fremu moja hadi nyingine. Macho yetu yamezoea kuona kitu chenye mwendo kikiwa na ukungu kidogo, na huo ukungu ndio unaofanya mwendo uonekane laini.

Watu wa sinema walilijua hili zamani. Kamera zao za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka mbele ya filamu, nusu kimekatwa, nusu kimeziba. Nusu ya duara ni nyuzi 180, ndiyo maana kanuni inaitwa ya nyuzi 180: shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50. Ukirekodi 50, iwe 1/100.

Kutoka 1/3200 hadi 1/50 utafikaje wakati jua huwezi kulizima? Unaivalisha kamera miwani. Hiyo ndiyo filta ya ND: kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga bila kubadili rangi.

HESABU NI YA DARASA LA TANO

Namba ya ND ni kigawanyo. ND8 inapitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, ND16 moja ya kumi na sita, na kuendelea. Kwa hiyo rusha droni bila filta, weka ISO 100, lenga utakachopiga, soma shata iliyo sahihi kwenye simu. Kisha gawanya kwa 50 (kama unarekodi fremu 25):

- Shata 1/400: 400 gawanya kwa 50 ni 8. Tumia ND8.
- Shata 1/800: ND16.
- Shata 1/1600: ND32.
- Shata 1/3200: ND64.

Ukirekodi fremu 50, gawanya kwa 100. Jibu likiangukia katikati, chukua filta iliyo karibu. Hakuna mteja atakayegundua kama ulikuwa 1/60 badala ya 1/50.

Angalizo: usiige namba za jirani bila kujua lenzi yake. Lenzi ya f/2.8 kwenye jua kali kabisa inataka kama ND64. Lenzi ya f/1.7, kama ya DJI Mini 3 Pro, inapokea mwanga zaidi ya mara mbili ya hapo, na ndiyo maana seti ya kampuni yenyewe ina ND16, ND64 na ND256. Wenye Mavic 2 Pro au Mavic 3 wana nafuu, tundu linabadilika kutoka f/2.8 hadi f/11. Lakini ukibana hadi f/11 picha inapoteza ukali, kwa hiyo nao wasizidharau filta.

JE, NI LAZIMA KILA SAFARI?

Hapa najua nitapingana na baadhi ya mafundi. Jibu langu ni HAPANA. Ukiwa mita 100 juu unapiga kijiji au shamba polepole, vitu vinasogea kidogo sana kwenye kioo, na tofauti hutaiona. Filta inalipa ukiwa chini na kwa kasi: unafuata msafara wa magari, boti, pikipiki, au unapita karibu na minazi. Inasaidia pia ukiruka jua likiwa juu kidogo mbele yako, kwani kivuli cha mapanga huweza kupita kwenye lenzi na kuacha mistari inayochezacheza.

Kwa picha za mnato, VUA. Shata ya kasi ndiyo unayoitaka. Wanaopiga picha za ramani ndio kabisa. Kazi kama ile ya kupiga ramani ya Zanzibar kwa droni, iliyoanza 2016, inaunganisha maelfu ya picha, na picha yenye ukungu inaharibu kazi. Usiku pia vua. Na ukipiga ukumbini au mtaani chini ya taa, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50: kaa kwenye 1/50 au 1/100, la sivyo taa zinaweza kupepesa.

NA ILE YA KUONDOA MNG'AO?

Hiyo ni polaraiza, kazi yake ni nyingine. Inakata mng'ao wa jua juu ya maji na majani. Kwa wanaopiga bahari, iwe Unguja, Mafia au Watamu, ni kama uchawi: mng'ao unaondoka, unaona matumbawe na mchanga chini. Kuna masharti lakini. Inafanya kazi vizuri jua likiwa ubavuni kwako, si mbele wala nyuma. Na inabidi uizungushe ukiwa bado chini, ukiangalia kwenye simu mpaka mng'ao upotee. Ukishapaa huwezi kuigusa, na droni ikigeuka upande mwingine nguvu yake inabadilika. Usiweke kwenye video ya kuzunguka duara, anga litakuwa jeusi upande mmoja na jeupe upande mwingine.

USIUZIWE KIOO CHA MIWANI

Madukani kuna filta nzuri na kuna takataka. Nenda na droni yako, fanya majaribio mawili kabla hujalipa.

La kwanza: funga mizani ya rangi isijibadilishe yenyewe, piga karatasi nyeupe bila filta, kisha ukiwa nayo. Karatasi ikigeuka kijani au zambarau, rudisha.

La pili: acha ISO ileile, soma shata bila filta na ukiwa nayo. ND16 lazima ikutoe, mfano, 1/1600 hadi karibu na 1/100. Ikikuachia 1/400, hiyo ni ND4 iliyoandikwa jina la kaka yake.

Hakikisha pia ni ya modeli yako hasa. Kamera ya droni imening'inia kwenye gimbali, vimota vidogo vinavyoituliza isitikisike. Filta nzito au isiyokaa sawa inavichosha, gimbali inaanza kutetemeka au kugoma kabisa. Ifunge droni ikiwa IMEZIMWA, shika kichwa cha kamera taratibu, na usibandike filta mbili kwa pamoja. Ukitoka baharini, pulizia chumvi na mchanga kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukianza kufuta tu, umekwaruza.

Kwa anayeanza, ushauri wangu: ukiwa na lenzi ya f/2.8 nunua ND16 na ND64, inatosha. Polaraiza ije baadaye kama una wateja wa hoteli za ufukweni. Na usisahau kibali cha mamlaka ya anga ya nchi yako, maana filta haimsaidii mtu ambaye droni yake imeshikiliwa kituoni.

Wenye uzoefu tofauti, hasa mnaopinga hoja yangu ya mita 100, uwanja ni wenu.

Nawasilisha.