Viumbe wa kwenye gemu hufaje? Somo kwa vijana na wavuvi wetu

Ukipita mitaa ya Mjambere jioni, utawakuta vijana wamejazana kwenye vibanda vya gemu. Mara nyingi ni mpira au mashindano ya magari. Lakini iko aina nyingine ya michezo, ambayo ndani yake viumbe huzaliwa, hula, huzaana na kufa bila ya mchezaji kuwaamrisha kila hatua. Nataka tuielewe, kwani inatuhusu zaidi ya tunavyodhania.

Mwaka 1970, mwanahesabu Mwingereza John Conway alibuni mchezo alioupa jina la Maisha. Huhitaji kompyuta kuujaribu. Chukua ubao wa drafti na vizibo vya soda. Kila kizibo ni kiumbe, na majirani zake ni vyumba vinane vinavyomzunguka. Mwenye majirani wawili au watatu anaishi. Mwenye chini ya wawili anakufa kwa upweke. Mwenye zaidi ya watatu anakufa kwa msongamano. Chumba kitupu chenye majirani watatu kamili huzaliwa kiumbe kipya. Mabadiliko yote hufanywa kwa pamoja, kisha unahesabu upya.

Panga vizibo vitatu kwa mstari uliolala. Wa pembeni wanakufa, wa kati anabaki, na wawili wanazaliwa juu na chini yake. Mstari umesimama! Ukihesabu tena, unalala. Panga vinne kwa mraba, navyo havibadiliki kamwe. Mipangilio mingine hujaza ubao kisha ikatoweka yote. Hakuna aliyeamua wafe. Kanuni ndiyo iliyowaua.

Mwaka 1996 ukatoka mchezo wa kompyuta uitwao Creatures, uliobuniwa na Steve Grand wa Uingereza. Viumbe wake, Norn, wana njaa, wana ubongo wa kujifunzia, na hurithi tabia kutoka kwa baba na mama. Asiyejua kutafuta chakula hufa kabla ya kuacha kizazi. Anayejua huacha watoto wanaomfanana. Bila shaka hizi ni hesabu tu, si uhai; Muumba ni Mwenyezi Mungu. Lakini hesabu hizo zinaonyesha jambo la kweli: kizazi hakimalizwi na kifo cha mmoja mmoja, humalizwa pale wanaokufa wanapozidi wanaozaliwa.

Sasa tugeukie bahari. Mwanahesabu Mtaliano Vito Volterra, mwaka 1926, alitumia hesabu za namna hii kueleza samaki wa bahari ya Adriatic. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia uvuvi ulipungua, na sehemu ya papa na walaji wengine katika soko ikaongezeka. Alionyesha kwamba wingi wa mla na wingi wa mliwa umefungamana: ukimgusa mmoja, mwingine hutikisika.

Na sisi wenye nyavu ni walaji pia. Nyavu za macho madogo huchukua samaki wasiowahi kutaga. Huko ni kuua kizazi, si kuvua. Wenzetu wa Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, walipoona samaki wanapungua, walitenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hawakuongeza samaki kwa mkono. Walibadilisha kanuni, wazazi wakapata nafasi ya kuzaa.

Rai yangu ni mbili. Wazazi, msiseme gemu zote ni upuzi. Muulizeni kijana awafafanulie anachocheza. Na wavuvi wetu wa mkono wa Tudor, kaeni na vikundi vyenu mkubaliane ni wapi papumzishwe na nyavu zipi ziwekwe kando. Kwenye gemu, viumbe wakiisha unaanza upya. Mvuvi aliyemaliza samaki wake atabaki na deni la mafuta ya boti na watoto wanaosubiri kitoweo.