Upitishaji wa Joto katika Fuwele Zisizo za Metali: Mfano wa Almasi

Katika masomo ya awali ya fizikia hufundishwa kuwa metali hupitisha joto vizuri kwa sababu zina elektroni huru, na kwamba vitu visivyo metali hupitisha joto kwa shida. Almasi hupingana na kauli hiyo. Katika halijoto ya chumba, upitishaji joto wa shaba ni takribani wati 400 kwa mita kwa kelvini, ilhali ule wa almasi safi huzidi 2,000, ingawa almasi hiyo haina elektroni huru za kubeba joto. Hivyo basi, ni lazima pawepo kibebaji kingine.

Kibebaji hicho ni mtetemo wa atomu zenyewe. Atomu za fuwele zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, na vifungo baina yake hufanya kazi mithili ya springi. Atomu moja ikitetema, huzitikisa jirani zake, na mtikisiko husambaa kama wimbi. Nishati ya mawimbi hayo huja kwa mafungu maalumu yaitwayo fononi. Kwa kuwa atomu za kaboni ni nyepesi na vifungo vyake ni imara, mawimbi husafiri ndani ya almasi kwa kasi kubwa mno.

Hata hivyo, kasi pekee haitoshi. Katika kioo pia sauti husafiri kilomita kadhaa kwa sekunde, lakini joto hupita kwa shida. Kinachoamua zaidi ni umbali ambao fononi husafiri kabla ya kutawanywa. Kama vifungo vingekuwa springi kamilifu, mawimbi yangepishana bila kuathiriana. Mwaka 1929 Rudolf Peierls alibainisha kuwa, kwa kuwa ukamilifu huo haupo, fononi hugongana, na baadhi ya migongano hupindua mwelekeo wa mkondo wa joto. Migongano hiyo huhitaji fononi zenye nishati kubwa, ambazo katika almasi ni chache hata katika halijoto ya chumba.

Fuwele inapopozwa sana, migongano hiyo hukaribia kukoma. Hapo fononi huzuiwa na kuta za fuwele yenyewe, hali iliyochambuliwa na Hendrik Casimir mwaka 1938; kwa hiyo kipande kinene hupitisha joto vizuri kuliko chembamba cha aina ileile. Aidha, tofauti ndogo ya uzito wa atomu hutosha kutawanya fononi. Kaboni ya asili ina takribani asilimia 1.1 ya isotopu ya kaboni-13. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionesha kuwa kuipunguza isotopu hiyo hadi chini ya asilimia 0.1 kuliongeza upitishaji joto kwa takribani nusu.

Inabainika, basi, kuwa kukosa elektroni huru si sababu tosha ya kuiita fuwele kihami joto. Katika fuwele hizi, joto hupita kwa kadiri ya uimara wa vifungo, wepesi wa atomu na ukamilifu wa mpangilio wake.